Paa Lililopigwa kwa Vipande

Naomba mnisamehe mapema. Mwandiko wangu umelala upande na tahajia yangu haiaminiki. Skuli nilisoma kwa Kiarabu, nikaishia darasa la sita, kwa sababu mama aliugua na nyumba ilitaka mtu. Kiswahili changu ni cha jikoni kwa Bibi. Herufi alinifundisha Babu, pembeni mwa magazeti ya zamani, na mpaka leo ukurasa mmoja hunichukua tangu Alasiri hata karibu na Magharibi. Atakayekuta neno limeandikwa vibaya, alisome kwa sauti. Huenda akalijua.

Nataka kueleza habari za msikiti mdogo wa mtaa wetu, hapa Sib, pembeni mwa Maskati, nchini Omani, nyuma ya soko la samaki. Watu wakitajiwa misikiti ya Maskati hufikiria marumaru na mataa makubwa. Wetu hauna hata mnara. Juu ya paa lake la bapa kuna kikuba kidogo, mfano wa bakuli lililofunikwa, na muadhini hutokea hapo kwa ngazi ya ndani. Kuta ni za matofali ya udongo, nene kiasi cha mtoto kuweza kulala dirishani. Mlango ni mfupi, kila mtu huinama, tajiri na maskini.

Ufunguo ulikuwa kwetu. Bibi ndiye aliyekuwa akifagia, kisha magoti yakamkatalia, nikawa nafagia mimi, kila Alkhamisi, watu wakishatoka. Mimi ni mtu wa haya. Mgeni akiingia nyumbani kwetu hunikuta nimeshakimbilia jikoni. Lakini ndani ya msikiti mtupu sikuwa na haya. Palikuwa na ubaridi hata mwezi wa saba, na harufu ya udongo na mikeka. Nilikuwa nikiweka kiganja ukutani nikijiuliza ni nani aliyeusiliba ukuta ule kwa mkono, maana alama za vidole vyake zilikuwa bado zipo.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaishia, dari ilianza kuchoka. Boriti, ile miti ya mikoko inayobeba paa, zilipinda katikati. Kila nikifagia nilikuta vumbi jekundu juu ya mikeka, na mara moja kipande cha udongo kikubwa kama mkate kilianguka mahali pa imamu. Mzee wa kamati ya msikiti, jirani yetu ambaye hakuwahi kutoka Sib maisha yake yote, akaja barazani kumwambia Babu kuwa kuna mtu mwenye uwezo amejitolea kujenga msikiti mpya, wa zege, na mnara wake.

"Na huu?" Babu akauliza.

"Huu tutauvunja. Umeoza, ya akhi. Unataka utuangukie tumesujudu?"

"Umeoza wapi? Paa lake ndilo zima kuliko mapaa yote ya mtaa huu. Nimelitia simenti mimi mwenyewe!"

Lazima nieleze habari ya simenti hiyo. Babu na Bibi walizaliwa Unguja, na walipohamia huku, mwanzoni mwa miaka ya sabini, watu wa mtaa waliwapokea kwa adabu, lakini kwa mbali. Wakimwita Babu "yule Mzinjibari", yaani mtu wa Zanzibar. Kiarabu chake kilikuwa kikiwachekesha watoto. Mwaka wake wa kwanza mvua ikanyesha na msikiti ukavuja. Babu akatoa mshahara wake, akanunua simenti, akapanda juu na vijana, wakalifunika paa lote. Siku ile, alituambia mara nyingi, ndipo walipomwita kwa jina lake na kumpa nafasi safu ya mbele. Kwa hiyo mtu akilisema vibaya paa lile alikuwa anagusa mahali pabaya.

Kabla ya kuvunja, kamati iliomba ruhusa serikalini, na serikali ikamleta kijana mmoja, mtaalamu wa majengo ya kale, aandike na kupima msikiti ulivyo. Mwenye ufunguo ni mimi, basi nikamfungulia. Bibi alikuja nami, akakaa kizingitini na tasbihi yake, ili kijana yule na mimi tusiwe peke yetu.

Nilidhani atapima urefu na upana, aende zake. Kumbe alianza kuusoma msikiti kama mtu anavyosoma kitabu. Aliupapasa ukuta kwa ncha ya kisu, akakwangua chokaa mahali padogo, akasogea, akakwangua tena. Kisha akaniuliza kama kuna mahali vumbi huanguka zaidi. Nikamwonyesha kwa fagio. Kulikuwa na mstari, tangu dari mpaka chini, ambapo nilikuwa nikikuta mchanga kila Alkhamisi.

Akaukwangua mstari ule, akacheka kwa furaha. "Mungu akulinde, dada yangu. Hapa ndipo msikiti wa kwanza unapoishia."

Akatuonyesha. Upande wa kibla matofali yalikuwa madogo na mekundu, na juu yake badala ya boriti kulikuwa na magogo ya mitende yaliyopasuliwa. Upande wa mlangoni matofali yalikuwa makubwa, rangi ya majivu, na juu yake ndiyo hizo boriti. Kuta mbili zilisimama bega kwa bega bila kushikana. Watu wa mwanzo walijenga chumba cha kutosha safu mbili au tatu za watu. Watoto wao au wajukuu wao wakaongezeka, wakatoboa ukuta wa nyuma, wakaongeza chumba kingine. Na chumba hicho kipya, akasema, kina upana huo kwa sababu boriti zina urefu huo. Mti ndio uliokata chumba.

"Boriti hizo zimetoka kwetu," Bibi akasema kutoka kizingitini, kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja. "Huku mikoko kama hiyo hamna."

"Kweli, mama. Zilikuja kwa vyombo, kutoka pwani ya Afrika."

Siku zilizofuata alichimba shimo la mraba kwenye pembe ya nyuma, kwa mwiko na brashi, polepole kuliko ninavyoandika mimi. Chini ya sakafu yetu ilitokea sakafu nyingine ya chokaa, na chini yake nyingine tena. Katikati ya sakafu na sakafu kulikuwa na kokwa za tende, miba ya samaki, vigae vya mitungi, na ushanga mmoja wa kioo cha buluu. Nikafikiri, hapa mtoto alikatikiwa na ushanga wake, akalia, mama yake akamwambia nyamaza, watu wanasali. Kokwa za tende labda ni za futari. Nilisimama juu ya lile shimo nikiwastaajabia wale watu. Hakuna aliyeandika jina lake popote. Walipoona sakafu imechakaa walimwaga nyingine juu, wakaendelea kusali, kila mara karibu zaidi na mbingu kwa kiasi cha vidole vinne.

Mwisho akapanda juu ya paa. Babu safari hii alikuja mwenyewe, kwa fimbo, kulinda simenti yake. Mtaalamu akamwomba ruhusa akate kidirisha kidogo. Babu akakubali, akisema, "Kata, uone kazi."

Simenti ilikuwa ngumu kweli, nene kama kiganja. Chini yake udongo ulikuwa umelowa kama unga wa maandazi. Mtaalamu akautia kidole. Babu naye akautia. Maji ya mvua yalikuwa yakiingia kwenye nyufa ndogo za simenti, yakashindwa kutoka. Miaka yote ile paa lilikuwa linaoza chini ya kifuniko chake, na uzito wa simenti ndio uliozipinda boriti.

Babu alijifuta kidole kwenye kanzu, akashuka.

Bibi alikuwa hajashuka. Alikuwa amepandishwa kwa kushikwa mikono, na sasa ameinamia kile kidirisha. Chini ya udongo uliolowa kulikuwa na tabaka jingine, jeupe, gumu, la chokaa na kokoto, limepasuka kwa uzee. Akalipapasa muda mrefu.

"Hii imepigwa," akasema.

"Imepigwa na nani, Bibi?" nikamuuliza.

"Na watu, kwa vipande. Tazama kokoto zilivyolala, zote kifudifudi. Hazilali hivi peke yake."

Ndipo akaeleza. Alipokuwa msichana Unguja, nyumba ya baba yake ilipoezekwa, waliitwa jirani wote, na kila mmoja alipewa kipande, yaani kigongo kifupi cha mti chenye tumbo bapa. Wakakaa juu ya paa safu kwa safu, wakiimba, wakipiga chokaa mbichi na kokoto siku nzima, na kesho tena, mpaka maji yakawa hayana pa kupita. Mtaalamu alikuwa akiandika huku ameacha mdomo wazi. Bibi akamuuliza nani aliyeleta kazi hiyo Sib. Akajibu kuwa hajui. Labda fundi aliyewahi kwenda huko akarudi, labda watu wa huko waliokuja huku kabla yetu. Paa halisemi.

Mzee wa kamati aliposikia yote haya akasema maneno yake, na hakuyasema kwa ubaya. "Simenti itolewe, sawa. Boriti zitiwe nguzo, sawa. Lakini paa nani atalipiga? Msikiti si jumba la makumbusho. Mvua za baridi zikija na paa halijawa tayari, mimi navunja, watu wasali mahali salama."

Basi tukajua tuna muda gani. Lakini simenti ilikuwa ya Babu, na bila idhini yake hakuna kijana wa mtaa ambaye angeinyanyulia nyundo.

Wakati wa chakula cha mchana Bibi alimsogezea Babu sahani ya wali, naye akaisukuma.

"Umesusa wali au umenisusa mimi?" Bibi akamuuliza.

"Mimi nimewaharibia msikiti wao."

"Umewafunika na mvua miaka ishirini na zaidi. Simenti imefanya kazi yake, imestaafu. Wewe si umestaafu? Mbona hatujakuvunja?"

Mimi nilikuwa nakunywa maji, yakanitoka puani. Babu akanitazama kwa hasira, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona kuwa anacheka. Wali akaula. Asubuhi yake, baada ya Alfajiri, tulisikia nyundo. Tulipotoka nje tulimwona Babu yuko juu ya paa, kanzu ameifunga kiunoni, anapiga simenti yake mwenyewe. Vijana walipoona hivyo wakapanda mmoja mmoja. Mabamba yaliyotoka aliomba yapangwe njiani, tangu kisimani mpaka mlangoni, watu wakitawadha wasikanyage mchanga. Nimewaona wengi wakisikitika kwa kosa lao. Sijamwona mwingine aliyelibeba kosa lake kwa toroli akalifanya njia.

Boriti mbili zilizovunjika zilibadilishwa, nyingine zikatiwa nguzo. Vipande alichonga seremala wa soko la samaki kwa maelezo ya Bibi, vile vya kwanza vikakataliwa vyote. "Hivi vya kusukumia chapati," Bibi akamwambia. Kisha tukawaita wanawake wa mtaa, maana kwao Bibi waliokuwa wakipiga ni wanawake. Walikuja wa Kizinjibari, walikuja na Waomani ambao hawajaona Afrika, na wengine walikuja kutazama tu wakapewa kigongo.

Mzee wa kamati akatokea chini, amejishika kiuno. "Ya ukhti, nasikia kazi hii ina nyimbo. Juu ya nyumba ya Mungu mtaimba ngoma?"

"Bila sauti mikono haiendi pamoja," Bibi akamjibu. "Mmoja akipiga mbele, mmoja nyuma, paa litakuwa mawimbi."

"Basi tafuta sauti nyingine."

Bibi akafikiri kidogo, akanyanyua kipande, akaanza: "La ilaha..." na sisi tukateremsha vipande: "...illa Llah." Mwendo wake ulikuwa uleule wa wimbo wake wa usichana, niliujua kwa sababu alikuwa akiuimba akitwanga. Lakini maneno ni ya kila mtu. Wale Waomani ambao hawakujua Kiswahili hata neno moja walishika mara moja. Mzee wa kamati alisimama kidogo, akaondoka, akarudi na birika la kahawa.

Tulipiga kati ya Adhuhuri na Alasiri, na tena asubuhi. Adhana ikilia tulishuka. Viganja vilitoka malengelenge. Mimi mwenye haya nilikaa safu ya katikati, bega langu baina ya mabega mawili ya watu nisiowajua, na sauti yangu ikatoka bila mimi kuiona. Chokaa mbichi mwanzo hulia *pwa, pwa*, kama tope. Ikipigwa sana sauti hubadilika, inakuwa kavu, mpaka inakuwa kama kugonga mlango wa mti. Bibi alikuwa akisikiliza kwa kichwa kilichoinama. "Bado," akasema. "Bado. Hapo kwako, bado." Alipotosheka alituambia tuache paa lipumzike, lijikaukie lenyewe, ndivyo walivyofanya kwao.

Kesho yake upepo wa bara ukavuma, ule unaokausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Kufika adhuhuri paa lote lilikuwa limepasuka, nyufa kama za tope la bwawa lililokauka.

Bibi alikaa chini katikati ya paa. Sikuwahi kumwona uso ule. "Kwetu kuna unyevu," akasema polepole. "Hewa yenyewe hulinywesha paa. Nimesahau kuwa niko Maskati. Miaka yote hii, nimesahau niko wapi."

Wingu lilikuwa limeanza kuonekana kwenye milima, na mzee wa kamati alikuwa akilitazama kila akitoka kusali. Mtaalamu akasema chokaa haitaki kukauka upesi, inataka kukauka taratibu, labda ifunikwe magunia yaliyolowa. Babu akasema magunia peke yake jua litayamaliza, yawekewe kivuli cha makuti ya mtende, kama watu wa Sib wanavyofunika miche mashambani. Basi tukalikwangua tabaka lililopasuka, tukalipiga upya, na safari hii kila aliyepita kisimani alipanda na ndoo. Watu waliokwenda kusali walipanda na ndoo. Mzee wa kamati alipanda na ndoo, akilalamika kuhusu mgongo. Siku nyingi tulilinywesha paa lile kama mtoto mwenye homa.

Tulipofunua makuti, lilikuwa jeupe na zima. Bibi alimwaga kikombe cha maji, yakatambaa juu yake yakaenda zake kwenye mfereji.

Mvua ilikuja mchana wa Jumatatu, mvua ya kweli, ile inayogeuza njia za Sib kuwa mito. Wanaume walikuwa ndani wanasali Adhuhuri. Sisi wanawake tulisimama mlangoni tumejifunika mitandio, tunatazama dari kama watu wanaosubiri mwezi wa Ramadhani. Hakuna tone. Sala ilipokwisha mzee wa kamati hakugeuka kutoa salamu kwa jirani kama kawaida yake. Aliinuka, akapita boriti kwa boriti, akizigusa kwa mkono ulionyooshwa. Mikono yake ilirudi mikavu. Akamtazama Babu, akasema, "Msikiti mpya utajengwa kiwanja cha pili, karibu na barabara. Huu tuuache."

Babu akasema, "Inshallah," akaketi, akabaki ameketi mpaka mvua ikakatika. Sikumwona akitazama juu hata mara moja.

Msikiti mpya upo, mzuri, una feni na mazulia. Ule wa kale wanasali watu wa sokoni, na asubuhi watoto wanasomea Kurani. Miaka kadhaa imepita. Mimi bado nafagia, na vumbi limepungua.

Sasa kuna jambo linalonikosesha raha, na ndilo lililonitia nguvu ya kushika kalamu. Msimu uliopita niliona unyevu mahali pamoja, kuzunguka kile kikuba cha muadhini, pale paa linapokutana na ukuta uliosimama. Vipande havipigi vizuri kwenye pembe. Namuuliza Bibi kwao walifanyaje pembeni, na yeye anafumba macho, anajaribu. Anakumbuka mikono ya wanawake wakubwa waliokuwa wakimalizia pembe, anakumbuka hata pete zao, lakini yeye alikuwa msichana wa safu ya katikati na hakupewa kazi hiyo. Walikuwa wakisugua kitu, anasema, kwa jiwe laini. Kitu gani, hajui. Aliokuwa akipiga nao wote wameshatangulia. Mtaalamu anasema vitabu alivyonavyo vinataja kupiga, pembe havizitaji.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi mnaosoma, mlioko Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa, Bagamoyo, au popote ambapo paa kama hili lilipigwa. Muulizeni bibi au babu aliyebaki, leo, kabla ya kulala. Muulizeni pembe zilimaliziwa kwa kitu gani. Kisha niandikieni, hata mstari mmoja, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Nasoma polepole pia, lakini nitasoma yote, na Bibi anasubiri kusomewa.